Kwata ya Kina Mama wa Kwaya

Niliondoka chuo cha maafisa wa jeshi kwa kupenda mwenyewe, wiki ya kumi ya mafunzo. Nilikuwa mzima wa afya na sikuwa nimegombana na mtu. Niliandika barua ya mistari minne, nikaipeleka kwa mkuu wa kombania, na baada ya siku sita nilikuwa dirishani pa stoo nikirudisha vifaa vya serikali, karani akiweka alama ya vema kila nilipomkabidhi kitu. Kesho yake nilipanda basi la kurudi kwetu Songwe.

Chanzo chake kilikuwa kidogo mno, na ndiyo maana kwa muda mrefu niliona haya kukisimulia. Wiki ya tisa kila mwanafunzi alipewa zamu ya kuamuru platuni kwenye uwanja wa gwaride. Yangu iliangukia Jumanne asubuhi. Niliwaanzisha wenzangu vizuri tu: mguu sawa, kulia geuka, mbele tembea. Mwisho wa uwanja kulikuwa na ua wa michongoma, na kabla hawajaufikia nilitakiwa kuwageuza. Nikafungua mdomo kusema "nyuma geuka," sauti ikakataa kutoka. Mtu aliye kwenye kwata hageuki mpaka aambiwe, kwa hiyo wakaendelea kutembea. Safu ya kwanza iliingia kwenye michongoma, ya pili ikaisukuma ya kwanza, ya tatu ikafuata, na wote wakawa wanapiga miguu palepale huku miiba ikiwachoma mapajani. Watu thelathini. Nami nimesimama mdomo wazi kama niliyesahau jina langu.

Mkufunzi wetu wa kwata alikuwa sajenti wa miaka mingi, mtu mwembamba ambaye akifoka ndege huruka juu ya paa la bwalo. Siku hiyo hakufoka. Aliwasimamisha yeye, akanisogelea, akasema kwa sauti ya kawaida, "Umewaua wote."

Bwenini wenzangu walicheka mpaka wakalia. Walikuwa wanachomoana miiba na kuniigiza, na mimi nikacheka nao, maana kwa kweli kilikuwa kichekesho. Lakini ile kauli ilinikaa. Kila nilipokaa kula niliwahesabu waliokuwa mezani, nikafikiri kwamba siku moja watu kama hawa watategemea neno litoke kinywani mwangu, nalo litakwama. Nikaona heri niondoke mapema kabla sijapewa watu wa kweli mahali pa kweli.

Siku ya kuondoka, sajenti alinikuta getini na begi langu. Nikasimama mguu sawa kwa mazoea.

"Iko siku utataka kurudi," akasema.

"Sidhani, afande."

"Utataka. Sasa sikiliza. Usirudi kwa sababu ya aibu. Aibu inaishia njiani. Ukifika hapa huna tena cha kukusukuma."

Akanifungulia geti.

Kwetu ni Mbozi, kwenye kijiji cha kahawa na mahindi, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Mlowo. Baba ni mkulima wa kahawa, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake amekuwa mwalimu wa kwaya kanisani. Mama alizaliwa Ikinga, kule Ileje, na mpaka leo akikasirika au akifurahi sana Kiswahili humpotea, anaongea Kindali cha kwao, nasi tunasubiri amalize. Nilipokwenda chuoni, kanisa zima lilikuwa limeniombea. Wazee waliniwekea mikono kichwani. Binti wa mwalimu wa kwaya anakwenda kuwa afisa! Sasa nilikuwa nashuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba, begi mgongoni, kabla hata mahindi waliyoyapanda nilipoondoka hayajakauka.

Mama alinipokea begi, akalifungua palepale barazani kama mtu anayekagua mzigo wa sokoni. Akatoa raba zangu za mazoezi, zile nilizonunua mwenyewe, akazigeuza akaangalia soli.

"Hizi ni zako au za serikali?"

"Zangu, mama."

"Viatu vizuri hivi visikae bure," akasema, akavijaribu. Vilimtosha. Tangu siku hiyo alikuwa akienda navyo shambani, raba za bluu chini ya kitenge, na akikutana na watu njiani akiulizwa juu yangu anajibu kwamba nimemletea viatu.

Nilichoogopa zaidi ni Jumapili. Sikutaka kwenda, lakini baba alinisubiri mlangoni amevaa koti lake, na mimi nikashindwa kumwacha asimame pale. Wakati wa matangazo alinyanyuka kwenye benchi la kwaya akaomba nafasi. Nikainamisha kichwa.

"Ndugu zangu," baba akasema, "mlimwombea mwanangu alipokwenda. Amerudi. Hakufukuzwa, ameomba mwenyewe. Mwenye swali aje aniulize mimi, asimuulize yeye. Ahsanteni." Kisha akageuka, akawapa waimbaji sauti, wakaimba.

Hakuna aliyekuja kumuuliza. Lakini na yeye hakuniuliza. Hilo ndilo lililonitesa. Wiki zilipita, mvua zikaisha, baridi ya Mbozi ikaingia, kahawa ikaanza kuiva. Tulichuma pamoja kuanzia asubuhi hadi jioni, mstari wake na mstari wangu, tukiongea juu ya mbolea na bei na jirani aliyekata mti wa mpakani. Juu ya chuo, hata neno. Nilianza kuamini kwamba nimemvunja moyo kiasi kwamba hataki hata kujua.

Siku moja tulikuwa tunachagua kahawa kwenye kichanja, tunatoa zile zilizopasuka. Nikashindwa. Nikamweleza yote bila kuulizwa: platuni, michongoma, mdomo wazi, neno la sajenti. Baba alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kuchagua. Nilipomaliza, aliinua uso akauliza:

"Sauti ilikwama wapi? Kifuani au kooni?"

"Baba!"

"Nauliza. Ikikwama kooni ni woga. Ikikwama kifuani ni pumzi. Ni vitu viwili tofauti."

Nikaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka. Miezi mitatu nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kila aina, na kumbe lililomhusu mzee wangu ni hilo. Nikafikiri kweli, nikajibu, "Kifuani."

"Ahaa," akasema, kama daktari. "Hiyo inatibika. Njoo kwaya Jumatano."

Kwaya ya kina mama ilikuwa inajiandaa kwa tamasha la kwaya Tunduma. Baba alitaka safari hii waingie kwa mwendo, safu tatu, miguu pamoja, wasiingie wakisukumana kama watu wanaogombea basi. Akanisimamisha mbele yao akasema, "Huyu amesoma kwata. Atawafundisha." Kisha akaenda kukaa nyuma karibu na kinanda.

Walikuwa kina mama kumi na wanane. Wengine walinibeba mgongoni nikiwa mchanga. Nikawapanga, nikasimama mbele, nikasema, "Kulia geuka." Tisa wakageukia kulia, sita kushoto, na watatu wakabaki wakiniangalia.

"Kulia kwako au kulia kwetu?" mmoja akauliza.

"Kulia kwenu, mama."

"Sasa ungesema mapema."

Wiki mbili za kwanza zilikuwa hivyo. Nikisema simama, kuna aliyekuwa anafunga kanga. Nikisema tembea, kuna aliyekuwa anamalizia habari ya harusi. Jeshini mtu akikosea unampa adhabu ya kuruka kichurachura. Hapa ungemwambia nani aruke kichurachura?

Aliyeniokoa ni kiongozi wa sauti ya pili, mjane mmoja mrefu ambaye huuza maharage Mlowo na hana muda wa kuzungukazunguka. Jumatano moja alitoka kwenye safu, akaja akanishika mkono.

"Mwanangu, nikwambie ukweli?"

"Niambie, mama."

"Unatuamuru kama unatuomba chumvi. Sisi tumeacha sufuria jikoni ili tuje hapa. Hatukuja kukuonea huruma. Tuambie tunakwenda wapi, tutakwenda."

Nyuma kule baba alikohoa. Akaja mbele taratibu, akaniomba niseme ile amri ya kugeuka nyuma, kwa namna tulivyofundishwa. Nikasema, "Nyumaaa, geuka."

"Kwa nini mnavuta hapo mwanzo?"

"Ndiyo desturi, baba. Sehemu ya kwanza ni tahadhari, ya pili ni utekelezaji."

"Siyo desturi tu. Hapo kwenye 'nyumaaa' ndipo wanapovuta pumzi pamoja na wewe. Ni kama mimi ninapotoa sauti kabla ya wimbo. Wewe unakimbilia kwenye 'geuka' kwa sababu unaogopa. Unawaibia pumzi yao, na yako pia. Wape."

Nilirudia. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikaliachia neno lile lirefuke, na nikaona kwa macho yangu mabega ya wote kumi na wanane yakiinuka kidogo. "Geuka!" Wakageuka. Mmoja aligeukia upande wake mwenyewe, lakini wakageuka. Yule mjane akapiga kigelegele peke yake, na mazoezi yakaishia hapo kwa siku ile kwa sababu hakuna aliyeweza kunyamaza tena.

Septemba tulikwenda Tunduma kwenye fuso, tumekaa juu ya magunia yaliyofunikwa turubai, sare zimefungwa kwenye mifuko zisipate vumbi. Kanisa lilikuwa kando ya barabara kuu, na barabara nzima ilikuwa imejaa malori yaliyopanga foleni kusubiri kuvuka mpaka, injini zinanguruma, madereva wanakunywa chai kwenye vibanda. Kwaya moja ilikuwa imetoka ng'ambo, Zambia. Walitusalimu "Mulishani, bamayo," na kina mama wetu, ambao nusu yao wana ndugu kule, wakawajibu kwa Kibemba cha sokoni, wakaanza kuulizana habari za misiba. Nikalazimika kuwaita kwenye safu kwa sauti.

Tulipangwa kuingilia geti la pembeni. Nikawatoa: safu tatu, vitenge vya kijani, mbele tembea. Tulikuwa tumebakiza hatua kama kumi hivi kufika getini, lori moja lililokuwa linakwepa jingine likarudi kinyumenyume na kuziba geti lote, likasimama hapo. Kina mama wakaendelea kutembea kuelekea ubavu wake, macho mbele, jinsi nilivyowafundisha. Nilisikia kifua kikianza kubana. Nikamwangalia baba. Alikuwa pembeni na karatasi zake za muziki kwapani, haniangalii, anaangalia juu kama anayetazama kama mvua itanyesha.

Nikavuta pumzi.

"Nyumaaa," nikasema, nikawapa muda wao, "geuka!"

Wakageuka. Injini zote zile zikinguruma, walisikia hadi yule wa mwisho. Kitabu cha nyimbo kilianguka na mama mmoja aligongana na mwenzake, lakini kwaya nzima iligeuka na kurudi nilikotaka irudi, nikaizungusha na kuiingiza kwa geti kubwa. Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani akapiga makofi. Hatukushinda. Sauti ya kwanza ilipanda mno kwenye wimbo wa pili, na baba alilisema jambo hilo njia nzima ya kurudi. Ila tulipokaribia Vwawa alinigeukia akasema, "Andika barua."

"Barua gani?"

"Unaijua."

Sikuiandika siku hiyo wala wiki hiyo. Nilikuwa nimekumbuka maneno ya sajenti pale getini, nikawa najichunguza. Je, ni aibu? Ilikuwepo, siwezi kusema uongo. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa nacho mwanzo. Nilitaka tena ile nafasi fupi iliyo kati ya tahadhari na utekelezaji, watu wakiwa wameshika pumzi pamoja nawe na wewe unajua utakachosema. Nilipohakikisha kwamba ndicho ninachokitaka, nikachukua karatasi.

Rasimu ya kwanza niliandika kwamba niliacha mafunzo kutokana na sababu za kifamilia. Nikamsomea mama. Alikuwa anasafisha zile raba kwa kijiti.

"Sababu za familia ipi?" akauliza.

"Ni namna ya kuandika tu, mama."

"Mimi sikukuita. Baba yako hakukuita. Usitutie kwenye barua yako." Akaongeza maneno kadhaa ya Kindali ambayo sitayatafsiri.

Nikaandika upya, ukweli, na michongoma yake.

Niliitwa kwenye usaili mwisho wa mwaka. Meza ilikuwa na maafisa watatu. Aliyekaa katikati, mwanamama mwenye miwani, alikuwa na barua yangu mbele yake.

"Nikuambie kitu," akasema. "Mwombaji aliyeondoka mwenyewe tunamwogopa kuliko aliyefukuzwa. Aliyefukuzwa angalau alitaka kubaki. Una uhakika gani kwamba hutaondoka tena?"

Nilikuwa nimeandaa jibu zuri. Likanipotea.

"Sina, afande. Ninachojua ni kwamba sitaondoka kwa sababu ile."

"Kwa nini?"

Nikawaeleza habari za kwaya. Walitazamana. Yule wa kushoto akainuka akasema twende nje. Uwanja wa nyuma ulikuwa mtupu, isipokuwa dada mmoja aliyekuwa anafagia majani mbali kule.

"Huna kina mama hapa," akasema. "Amuru huo uwanja."

Ni jambo gumu kuamuru watu ambao hawapo. Nilisimama, nikajipangia safu tatu kichwani, nikawapa nyuso ninazozijua, yule mjane mrefu mbele. Kisha nikaanza. Niliposema "mguu sawa," dada aliyekuwa anafagia aliegemeza ufagio kwenye bega la kulia, akabana visigino, akatulia. Hakuwa anatania. Alikaa vile mpaka niliposema "legea," ndipo akaendelea kufagia. Yule afisa aligeuza uso akaangalia ukuta kwa muda.

"Tutakujulisha," akasema.

Walinijulisha. Mwezi wa pili ilikuja barua kwamba sikuchaguliwa katika awamu ile. Niliisoma mara moja, nikampa baba, akaisoma mara tatu na kuikunja vizuri kama hati ya shamba. Mjane wa maharage aliposikia alikuja na kilo mbili za maharage ya njano, akaziweka mezani. Mimi nikapata kazi ya muda ya kufundisha hisabati shule moja Galula, bondeni kule kwenye joto, kwa pikipiki na vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nilikaa miezi kadhaa. Sitasema nilikuwa na huzuni. Nilizoea, nikawapenda wanafunzi wangu, nikaanza kuona kwamba maisha yanaweza kuwa pale na yakawa maisha.

Simu ya chuo ilinikuta darasani. Awamu mpya, nafasi ipo, nifike baada ya wiki tatu, na nianze tangu mwanzo kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale. Nikaenda nyumbani Jumamosi kuwaambia.

Baba alinisikiliza, akasema, "Sawa," akachukua mkasi wa kupogolea akaenda shambani. Nikadhani anatafuta mahali pa kufurahi peke yake. Baada ya saa nzima nikamfuata. Alikuwa amesimama kwenye mstari ambao tayari ulikwishapogolewa, anakata kisichohitaji kukatwa.

"Umekasirika, baba?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Nilikuwa nimekuzoea," akasema. Akakata kitawi kingine. "Mara ya kwanza ulipokwenda nilifurahi sana mpaka nikasahau kukuaga vizuri. Safari hii niache niwe na huzuni kidogo. Jumatatu nitafurahi."

Na kweli, Jumatatu alikuwa anaimba tangu asubuhi.

Chuoni nilianza na watu niliowazidi miaka, wakaniita dada. Sajenti alikuwepo bado. Mwezi mzima alinipita kama hanijui, nikaamini amenisahau. Kisha asubuhi moja, zamu yangu ya kuamuru ilipofika, alikuja akasimama kando yangu, macho kwenye platuni.

"Hao kina mama wa kwaya walikuwa wangapi?"

Kumbe alikuwa amesoma faili.

"Kumi na wanane, afande."

"Hapa wapo thelathini. Ongeza pumzi."

Sikuwa bora katika kundi letu. Ramani zilinisumbua mpaka mwisho, na kuna siku niliwapeleka wenzangu kilomita nne upande usio wenyewe, wakaninunia siku mbili. Ila sikuandika barua nyingine ya kuondoka, ingawa usiku mmoja au miwili niliitunga kichwani.

Siku ya kuhitimu, baba na mama walikuja. Mama alikuwa hajawahi kuvuka Mbeya. Walisafiri siku mbili, wakafika na kikapu cha ndizi, karanga na kahawa ya kusaga, kitenge cha mama kimepigwa pasi ambayo sijui aliipatia wapi njiani. Baada ya gwaride niliwakutanisha na sajenti. Baba alimshukuru kwa maneno mengi mazuri, ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu. Mama alisubiri amalize. Akasogea, akaushika mkono wa sajenti kwa mikono yake yote miwili.

"Mimi nakushukuru kwa ile mara ya kwanza," akamwambia. "Kwa kumwachia arudi nyumbani. Tulikuwa hatujamalizana naye."

Sajenti aliinama, akanyanyua kikapu cha mama, akakibeba mwenyewe mpaka kivulini, na mama akamfuata nyuma akimweleza kahawa ile aipikeje.